Google inapangaje majibu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila siku kutoka kwa wenye maduka, waandishi wa blogu, wanafunzi na watu wanaotaka tu kujua kwa nini tovuti ile iko juu na hii iko chini. Nimeongelea zaidi Google maana ndo inayotumiwa na wengi wetu, mashine nyingine za kutafutia nimezigusa mwishoni. Kama tovuti yako haionekani kabisa na una haraka, ruka hadi sehemu ya wenye tovuti, soma swali la kwanza pale.

## Mambo ya msingi

Nikiandika neno nikabonyeza kutafuta, Google inaenda kuzunguka intaneti muda huohuo?

Hapana. Kazi ya kuzunguka inakuwa imeshafanyika kabla. Kuna programu inaitwa Googlebot, inafungua ukurasa, inausoma, inachukua linki zilizomo inazifuata, huko nako inakuta linki nyingine inazifuata, hivyohivyo usiku na mchana. Ilichosoma kinahifadhiwa kwenye faharasa, na wewe ukiuliza unajibiwa kutoka humo kwenye faharasa. Kwa hiyo ukurasa ambao Googlebot haijaufikia, au imeufikia ikaamua kutouhifadhi, kwa Google ni kama haupo.

Faharasa yenyewe imepangwa kwa neno, siyo kwa ukurasa. Yaani haisemi "ukurasa huu una maneno haya", inasema "neno hili liko kwenye kurasa hizi". Chukua mtu kaandika *bei ya mbegu za alizeti*. Mashine inavuta orodha ya kurasa zenye "bei", orodha ya zenye "mbegu", orodha ya zenye "alizeti", inaangalia zinapokutana. "Ya" na "za" ziko kila mahali, hazisaidii kitu. "Bei" nayo iko kwenye kurasa nyingi mno. "Alizeti" iko kwenye kurasa chache zaidi, kwa hiyo ndo inabeba uzito mkubwa kwenye kuamua ukurasa upi unahusika. Hili wazo la neno adimu kuwa na uzito zaidi liliandikwa na Karen Spärck Jones wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1972, Google haijazaliwa bado, na mpaka leo ukifungua mashine nyingi za kutafutia unalikuta mle ndani.

Kuna mtu anakaa anapanga nani awe wa kwanza?

Hamna. Maswali ni mengi mno, na Google wamesema kwa miaka mingi kwamba karibu asilimia 15 ya yanayoulizwa kila siku hayajawahi kuulizwa kabla, sasa mtu atayapangaje kwa mkono. Wapo wakaguzi maelfu wanaolipwa kuangalia majibu na kuyapa alama kwa kufuata kitabu cha mwongozo, lakini alama zao haziipandishi wala kuishusha tovuti yako, zinatumika kupima kama mabadiliko ya algoridhimu (zile kanuni ambazo mashine inazifuata kupanga majibu) yameleta majibu bora au mabaya. Mkono wa mtu unaingia moja kwa moja kwenye adhabu tu, hiyo iko kwenye swali la kushuka ghafla.

## Mpangilio wenyewe

PageRank ni nini na bado inatumika?

Hii ndo iliyoifanya Google iwe Google. Kabla yake mashine kama AltaVista zilitegemea sana maneno yaliyoandikwa kwenye ukurasa wenyewe, kwa hiyo ukitaka kupanda unarudia neno mara mia, basi. Larry Page na Sergey Brin wakiwa wanafunzi Stanford wakaanza mwaka 1996 kuangalia wengine wanasema nini kuhusu ukurasa, yaani nani kaweka linki ya kwenda kwako. Mwaka 1998 wakachapisha andiko lao na kuanzisha kampuni. Ni kama unavyoulizia fundi mtaani, jina linalotajwa na wengi unalishika, ila likitajwa na fundi mwenzie anayeheshimika unalishika zaidi.

Tuangalie hesabu yake kwa karibu maana wengi wanaisikia tu. Kila ukurasa una uzito wake. Ukiweka linki unagawa uzito huo, ila siyo wote, kwenye andiko lao la mwanzo walitumia 0.85, yaani asilimia 85 yake. Ukurasa wenye uzito 1 ukiwa na linki 5, kila linki inapeleka 0.85 gawa kwa 5, ni 0.17. Ukurasa huohuo ukiwa na linki 50 kila moja inapeleka 0.017 tu. Ndo maana linki yako ikiwekwa kwenye ukurasa uliojaa mamia ya linki za watu huambulii kitu. Hiyo 0.85 inatokana na kumfikiria msomaji anayebofya linki moja baada ya nyingine, mara nyingi anaendelea mbele, mara nyingine anachoka anaruka kwenda ukurasa mwingine kabisa. Halafu, kwa kuwa uzito wa anayekupa linki nao unatokana na waliompa yeye, hesabu inarudiwa tena na tena mpaka namba zitulie.

Bado inatumika, ila sa hivi ni ishara moja kati ya nyingi. Namba ile ya 0 mpaka 10 iliyokuwa inaonekana na kila mtu waliiondoa mwaka 2016. Mtu akikuuzia leo "domeni (jina la tovuti) yenye PageRank 7" anakuuzia kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukiona.

Zaidi ya linki inaangalia nini?

Kwanza kama ukurasa unajibu kilichoulizwa, na hapa ndo kazi kubwa imefanyika miaka ya karibuni. Mwaka 2015 iliingia RankBrain, mwaka 2019 ikaja BERT, zote ni za kusaidia mashine ielewe maana badala ya kulinganisha maneno tu. Mfano walioutoa wenyewe kuhusu BERT ni wa msafiri wa Brazil anayekwenda Marekani anaulizia viza, zamani mashine ilikuwa inaleta habari za Wamarekani wanaokwenda Brazil maana maneno yote yamo, ilichoshindwa ni kuona nani anakwenda wapi.

Halafu kuna upya, ila inategemea swali. Aliyeuliza matokeo ya mechi anataka ya leo, aliyeuliza jinsi ya kukokotoa eneo la duara hana shida na ukurasa wa miaka kumi iliyopita. Kuna mahali ulipo, kuna lugha. Kuna usalama wa HTTPS (mawasiliano ya tovuti na msomaji kufichwa wengine wasiyasome) tangu 2014 ila mchango wake ni mdogo sana, na kuna kasi na kukaa vizuri kwenye simu, hizo nimeziweka kwenye swali la simu.

Kwenye mambo ya afya, pesa na sheria wanakaza zaidi kamba. Mwongozo wa wale wakaguzi unaongelea uzoefu, utaalamu, kuheshimika na kuaminika, na uzoefu uliongezwa Desemba 2022. Hizo siyo namba zilizoandikwa mahali, huwezi kusema "nina uaminifu 80". Ila kama unaandika kuhusu dawa ya kisukari na ukurasa hauna jina la mwandishi, hauonyeshi anajua nini wala habari kaitoa wapi, hata mimi nisingekuweka juu, na nadhani hapo Google wako sahihi kabisa kuwa wakali, maana mtu anasoma halafu anaacha dozi.

Google inaangalia watu wanabofya nini?

Ndiyo. Kwa miaka watu wa SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ipande kwenye majibu, walibishana kuhusu hili mpaka kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, iliyosikilizwa Washington 2023, ambapo Pandu Nayak, mmoja wa wakubwa wa kitengo cha kutafutia, alielezea mfumo unaoitwa Navboost unaotumia kumbukumbu za mibofyo ya miezi 13. Mtu akibofya jibu la kwanza akarudi hapohapo akabofya la tatu akakaa, hiyo inasema kitu. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake, na sehemu ya hoja ilikuwa hiyohiyo, mwenye watumiaji wengi anapata mibofyo mingi, anakuwa bora, anapata watumiaji zaidi.

Hii haimaanishi uwatume watu wa grupu la WhatsApp wabofye tovuti yako kila asubuhi. Mibofyo michache ya watu walewale haifiki popote kwenye kumbukumbu za mwaka mzima, unawamalizia bando tu.

Mbona mimi na mwenzangu tunatafuta kitu kimoja tunaona tofauti?

Mara nyingi ni mahali na lugha ya simu. Aliyeko Mwanza na aliyeko Mombasa wakiandika *duka la vipuri* hawawezi kuletewa maduka yaleyale. Historia yako ya kutafuta nayo inachangia ila kidogo kuliko watu wanavyodhani. Na ile hali ya faragha ya kivinjari haifichi ulipo, kwa hiyo ukiitumia kuangalia "nafasi halisi" ya tovuti yako bado unaangalia nafasi ya pale ulipokaa.

Na yale maduka matatu yanayotokea na ramani?

Huo ni mpangilio mwingine kabisa. Google wanasema unategemea vitu vitatu: unavyohusiana na swali, umbali kutoka kwa anayetafuta, na unavyojulikana. Kujiandikisha ni bure. Jaza aina sahihi ya biashara, saa za kufungua za kweli, namba ya simu inayopokelewa, piga picha ya mlango wako maana kwa sehemu nyingi zetu hakuna namba za nyumba na mteja anakutambua kwa rangi ya geti. Maoni ya wateja waombe wateja wenyewe, ya kununua yanafutwa.

## Wenye tovuti

Tovuti yangu haionekani kabisa, tatizo nini?

Kabla ya kuwaza nafasi hakikisha kwanza uko kwenye faharasa. Andika kwenye Google *site:* ikifuatiwa na domeni yako bila nafasi katikati. Kama hakitoki kitu shida yako siyo mpangilio, shida ni kuingia. Nasisitiza maana watu wanalipa hela nyingi "kupandishwa" wakati tovuti haijaingia hata mlangoni.

Sababu ninayoiona zaidi ni WordPress, ile programu ya kujengea tovuti. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kusoma, kule chini kuna kiboksi cha kuziambia mashine za kutafutia zisiihifadhi tovuti. Fundi anakiweka tiki wakati anajenga ili tovuti isionekane nusunusu, akimaliza anakabidhi anasahau kukitoa. Toa tiki, hifadhi, mambo yanaanza kusogea. Sababu nyingine ni faili la robots.txt, linaloziambia mashine zisiingie wapi, likiwa linazuia kila kitu. Angalizo hapa, ukizuia ukurasa kwa robots.txt, Googlebot haiingii, na kama haiingii haiwezi kuona maagizo ya noindex (yanayosema ukurasa usihifadhiwe kwenye faharasa) yaliyoko ndani, kwa hiyo ukitaka ukurasa usionekane usitumie vyote viwili pamoja, tumia noindex na uache mlango wazi.

Jiunge na Google Search Console, ni bure, weka anwani ya ukurasa wako pale juu itakwambia kama umesomwa, lini, na kwa nini haujahifadhiwa. Kama inasema umesomwa ila haujahifadhiwa, mara nyingi ukurasa hauna kitu kipya cha kumpa msomaji au ni nakala ya kwingine. Na kama hauna linki hata moja kutoka popote, hata kutoka kwenye ukurasa wako wa mbele, weka.

Inachukua muda gani kupanda?

Kuingia kwenye faharasa ni siku hadi wiki kadhaa. Kupanda ni miezi. Google wenyewe waliwahi kusema miezi minne mpaka mwaka kwa mabadiliko kuzaa matunda.

Nirudie neno langu mara ngapi? Na makala iwe ndefu kiasi gani?

Hakuna idadi, kwa yote mawili. Andika neno kwenye kichwa cha ukurasa na pale linapokuja lenyewe. Ile sehemu ya siri ya kuorodhesha maneno muhimu kwenye msimbo (code) wa ukurasa Google walisema mwaka 2009 kwamba hawaitumii kwenye mpangilio, lakini hadi leo kuna mtu analipwa kuijaza.

Kinachosaidia ni kuandika kama watu wanavyouliza. Fundi wa friji anaandika "tunatoa huduma bora za kielektroniki zenye viwango" wakati mteja wake anaandika *friji haigandishi*. Hakuna mahali hao wawili wanakutana. Kwa Kiswahili hii ni nafasi kubwa, kuna maswali mengi ya watu ambayo hayajajibiwa vizuri popote, na mtu akiuliza Kiswahili akakosa anaishia kusoma Kiingereza asichokielewa vizuri au kuletewa ukurasa uliotafsiriwa vibaya na mashine. Kama unajua jambo, liandike, ushindani ni mdogo na mwenye shida yupo.

Nikitumia AI kuandika nitashushwa?

Februari 2023 Google walisema wanaangalia ubora, siyo njia uliyotumia kuandika. Machi 2024 wakaweka sera dhidi ya kumwaga kurasa kwa wingi ili tu kukamata nafasi, ziwe zimeandikwa na mtu au mashine. Kwa hiyo kurasa mia tano zilizotoka kwa siku moja ambazo hamna mtu kazisoma ni hatari, makala moja uliyosaidiwa ukaihakiki mwenyewe siyo shida.

Simu na kasi vina uzito kweli?

Vina uzito wa wastani. Aprili 2015 waliingiza kigezo cha kukaa vizuri kwenye simu, na sa hivi Google inasoma tovuti yako kama simu inavyoiona, kwa hiyo kisichokuwepo kwenye toleo la simu hesabu hakipo. Mwaka 2021 wakaongeza vipimo vya kasi, kimojawapo kinataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kitokee ndani ya sekunde 2.5. Ukurasa unaojibu vizuri ila mzito bado unaweza kuushinda mwepesi usiojibu. Lakini achana na Google kidogo, umempakia mtu picha ya MB 5 ya nembo yako wakati ana bando la siku, huyo haji tena.

## Pesa na ujanja

Nikilipia matangazo nitapanda kwenye majibu ya kawaida?

Hapana. Matangazo yanauzwa kwa mnada na yana alama yake kwamba yamedhaminiwa, ukiacha kulipa yanatoweka. Majibu ya kawaida hayauzwi, Google wanasema hivyo wazi.

Kuna mtu kanihakikishia namba moja kwa mwezi mmoja, nimlipe?

Usimlipe. Google wameandika kwenye mwongozo wao kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja, na wala hamna mtu wa nje mwenye "mtu wake ndani". Wanachofanya hawa wanachagua neno ambalo hakuna anayelitafuta, mara nyingi jina refu la biashara yako mwenyewe, wanakuonyesha uko wa kwanza. Muulize mtu huyo neno gani, linatafutwa na nani, na atabadilisha nini kwenye tovuti. Mtu wa SEO mwaminifu ana majibu, na wapo, ila hakupi ahadi ya namba.

Kununua linki je?

Inafanya kazi mpaka siku unakamatwa. Mwaka 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba JCPenney, kampuni kubwa ya maduka Marekani, ilikuwa juu kwa maneno kibao kwa msaada wa maelfu ya linki zilizowekwa kwenye tovuti zisizohusiana nayo, Google wakaishusha mara moja. Aprili 2012 ikaja Penguin, algoridhimu ya kunasa linki za namna hiyo. Sa hivi nyingi zinapuuzwa tu kimyakimya, yaani hela imeenda na hamna kilichotokea. Linki ya tangazo inaruhusiwa ila iwekewe alama ya nofollow (inayoiambia Google isiipe linki hiyo uzito), iliyoanza 2005, au ya udhamini, iliyokuja 2019.

Nimeshuka ghafla, nimeadhibiwa?

Kwa kawaida hapana. Angalia kwanza Search Console, adhabu ya mkono inaandikwa wazi pamoja na sababu, ukirekebisha unaomba ikaguliwe upya. Kama hakuna, angalia kama tovuti ilizima, kama seva ilikuwa inarudisha makosa, kama uliwekewa noindex kwa bahati mbaya (rudi swali la tovuti kutoonekana). Kama hayo yote safi, huenda ni yale mabadiliko makubwa ya algoridhimu yanayotoka mara kadhaa kwa mwaka na kuchukua wiki kadhaa kuenea. Hapo hujafanya kosa, wengine wameonekana wanafaa zaidi. Usibomoe tovuti katikati ya wiki hizo, subiri yaishe ndo upime.

Mtu kanakili makala yangu yupo juu yangu, inawezekanaje?

Inauma na inatokea sana, hasa habari za blogu ndogo zikichukuliwa na tovuti kubwa. Google ikikuta kurasa zinazofanana inaziweka kundi moja na kuchagua moja ya kuonyesha, na mara nyingine inamchagua mwenye linki nyingi badala ya aliyeandika. Unaweza kujaza fomu yao ya malalamiko ya hakimiliki, weka anwani ya ukurasa wako na wa aliyenakili. Kama umekubali mwenyewe tovuti nyingine ichapishe, mwombe aweke linki kwenye ya asili.

## Mambo ya pembeni

Wa kwanza ndo mkweli zaidi?

Siyo lazima. Mashine inapima dalili za kuaminika, haiendi kuthibitisha. Mwaka 2003 watu walikubaliana kuweka linki zenye maneno *miserable failure* (yaani kushindwa kubaya) kwenda kwenye ukurasa wa Rais Bush wa Marekani na kweli akawa anatokea wa kwanza, ilichukua hadi 2007 Google kuzima mchezo huo kwa algoridhimu. Kwa jambo la afya au hela soma zaidi ya jibu moja.

Yale majibu ya AI yanayotokea juu kabisa yanatoka wapi?

Yalianza rasmi Marekani Mei 2024 halafu yakaenea nchi nyingine. Yanaandikwa na mashine kwa kutumia kurasa zilizoko kwenye faharasa ileile, na linki za baadhi zinawekwa pembeni. Yanakosea, kwa hiyo fungua linki. Kwa mwenye tovuti hakuna fomu ya kujiandikisha ili utajwe humo, na kwa maoni yangu waandishi wana haki ya kulalamika, maana kazi yao inasomwa bila mtu kufika kwao.

Bing, DuckDuckGo na wengine wanapanga hivyohivyo?

Msingi ni uleule wa faharasa na ishara, uzito ndo unatofautiana. DuckDuckGo inachukua sehemu kubwa ya majibu yake kutoka Bing, ila haitumii historia yako. Urusi wana Yandex, China wana Baidu.

Jina langu nikilitafuta kinatokea kitu nisichotaka, naweza kukiondoa?

Ukurasa ule siyo wa Google, wao wanauonyesha tu kwenye majibu, kwa hiyo anza na mwenye tovuti. Akishafuta na bado inaonekana, kuna fomu ya kuomba matokeo yaliyopitwa na wakati yasasishwe. Kama ni namba yako ya simu, anwani ya nyumbani au picha za utupu zilizowekwa bila ridhaa, unaweza kuomba Google moja kwa moja waondoe kwenye majibu hata mwenye tovuti akikataa. Mlioko Ulaya mna njia ya ziada tangu uamuzi wa mahakama ya Umoja wa Ulaya wa Mei 2014, mnaweza kuomba matokeo ya jina lenu yasiyohusika tena yaondolewe, ila yanaondolewa kwa wanaotafuta kutoka Ulaya, ndugu akiyatafuta akiwa Nairobi au Dar bado atayaona.